Sliivu, baipasi au puto: jinsi ya kuchagua upasuaji wa kupunguza uzito ukiwa Mwanza

Mtaani upasuaji wowote wa kupunguza uzito unaitwa "kukata utumbo", na jina hilo linawapoteza watu mapema. Katika sliivu, aina inayofanywa zaidi duniani, utumbo hauguswi. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula. Katika baipasi utumbo unakatwa kweli na kuunganishwa upya. Puto huingizwa ndani ya mfuko wa chakula, na halimkati mtu popote. Madhara yake hayafanani, na kila moja ina aina yake ya matunzo ya baadaye. Mkazi wa Nyakato au Sengerema akichagua kwa kuangalia kilo peke yake, ana nafasi kubwa ya kuchagua vibaya.

Hesabu kwanza

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Mama wa sentimita 160 mwenye kilo 98: 98 ÷ 1.6 ÷ 1.6 = 38.3. Hiyo ndiyo BMI. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unasema mwenye 35 na kuendelea anastahili upasuaji hata kama hana ugonjwa mwingine, na mwenye 30 hadi 34.9 anafikiriwa kama ana kisukari aina ya pili au magonjwa ya namna hiyo. Daktari au bima wakikutajia 40, au 35 yenye ugonjwa, wanafuata mwongozo wa zamani wa 1991. Chini ya 30, upasuaji huu si wako, hata kama harusi ni mwezi ujao. Ngozi ya tumbo iliyolegea baada ya uzazi nayo ina upasuaji wake mwingine kabisa.

Sasa tazama kilo. Mama yuleyule wa kilo 98, kwa wastani, akifanyiwa sliivu atapoteza kama robo ya uzito wake ndani ya mwaka mmoja hadi miwili, yaani kilo 24 hivi. Kwa baipasi ni karibu 30%, kilo 29. Puto litampunguzia kilo 10 hadi 12, na nyingi hurudi likishatolewa. Kati ya sliivu na baipasi, kwake yeye, tofauti ni kilo tano. Kilo tano hazitoshi kuamua jambo la kudumu. Waachie uamuzi kiungulia, sukari, damu na umbali wa kwako na hospitali.

Kinachofanyika tumboni

Sliivu: baada ya nusu kaputi, mpira mnene wa kama sentimita 1.2 unapitishwa mdomoni hadi tumboni, na daktari anakata mfuko wa chakula kwa stepla kandokando ya mpira huo, kupitia matundu madogo ya tumboni. Karibu 80% ya mfuko inatolewa nje na hairudi tena. Linabaki bomba lenye umbo la ndizi, la mililita 100 hadi 150. Sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikitoa kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo miezi ya kwanza hamu ya kula hupotea. Ubaya wake ni presha ya ndani ya bomba: bomba jembamba linasukuma tindikali juu kwenye umio, na mshono ukivuja, huvuja zaidi pale juu karibu na umio, mahali pagumu kupona.

Baipasi: kinatengenezwa kimfuko cha mililita 30, kidogo kuliko yai la kienyeji. Utumbo mdogo unakatwa. Ncha moja inavutwa juu na kuungwa na kimfuko, nayo huitwa mguu wa chakula, sentimita 100 hadi 150. Mguu mwingine, unaobeba nyongo, sentimita 50 hadi 100, unaungwa chini yake, na umbo linakuwa kama herufi Y. Mfuko wa zamani unabaki tumboni bila kupitisha chakula, na kamera ya kawaida ya mdomoni haiufikii tena. Ipo pia baipasi ya muungano mmoja, yenye mguu wa nyongo wa sentimita 150 hadi 200. Ni ya haraka zaidi mezani, lakini nyongo inaweza kupanda kwenye kimfuko, na mguu ukirefushwa kupita kiasi mtu anakosa protini hadi kuvimba miguu.

Puto hujazwa mililita 400 hadi 700 za maji ya chumvi yenye rangi ya bluu, na aina nyingi hukaa miezi 6. Siku tatu za kwanza ni kichefuchefu na kutapika. Rangi ile si urembo: puto likipasuka mkojo unageuka bluu au kijani, nawe unakwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu puto lililolegea linaweza kushuka na kuziba utumbo.

Pete ya silikoni inayofungwa juu ya mfuko, achana nayo. Inahitaji kujazwa na kupunguzwa kwa sindano mara kwa mara, huteleza, na nyingi huishia kutolewa.

Mwili wako unachagua nini

Mwenye kiungulia kinachomwamsha usiku asikimbilie sliivu. Utafiti wa Finland uliowagawa watu 240 kati ya aina hizi mbili na kuwafuatilia miaka 10 ulikuta michubuko ya umio kwa 31% ya waliofanyiwa sliivu, na 7% tu kwa wale wa baipasi. Wako wanaorudi mezani kugeuza sliivu kuwa baipasi kwa sababu hii peke yake.

Kisukari aina ya pili pia kinaielekea baipasi, hasa kama hakijapita miaka mingi na mtu hajaanza insulini. Hapa pana hatari inayosahaulika: sukari hushuka ndani ya siku chache, kabla kilo hazijapungua. Dozi ya insulini au glibenklamidi ipangwe upya kabla hujatoka wodini, la sivyo utazimia nyumbani.

Upungufu wa damu unavuta upande wa pili. Chuma hufyonzwa zaidi mwanzo wa utumbo mdogo, na baipasi inapita kando ya sehemu hiyo. Mama anayepata hedhi nzito au mwenye uvimbe wa kizazi atibiwe hilo kwanza, na sliivu ipewe nafasi. Vivyo hivyo kwa mtu asiyeweza kuishi bila diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti: baada ya baipasi dawa hizo huchimba kidonda pale kimfuko kinapoungana na utumbo, na kidonda hicho hutoka damu au kutoboka. Sigara hufanya kazi ileile. Kama huwezi kuacha, usifanye baipasi, na daktari mzuri atakukatalia.

Anayetumia TLD, dawa ya VVU yenye dolutegraviri, amweleze daktari mapema. Vidonge vya kalisi na chuma, ambavyo kila aliyefanyiwa upasuaji huu humeza, huzuia dolutegraviri kufyonzwa. Kimojawapo, si vyote viwili, kimezwe pamoja na TLD wakati wa mlo, au TLD itangulie saa mbili kabla, au ifuate saa sita baadaye. Wingi wa virusi upimwe tena miezi michache baada ya upasuaji.

Mambo ya huku ziwani

Miongozo mingi imeandikwa kwa watu wasiooga ziwani. Kando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo ni cha kawaida, na kikikaa miaka mingi hufanya ini kuwa na makovu, bandama kuvimba, na mishipa ya damu ya umio na ya juu ya mfuko wa chakula kutanuka kama kamba. Sliivu hukata mishipa iliyopo kati ya mfuko na bandama. Ukikata pale kwa mtu mwenye presha kubwa kwenye mshipa wa ini, damu haizuiliki kirahisi. Kwa hiyo aliyekulia Ukerewe, Ukara, Kome au mwalo wowote, altrasaundi ya ini na bandama na kipimo cha kamera vifanyike kabla ya kuchagua chochote. Praziquantel inaua minyoo. Mishipa iliyokwisha kutanuka haiondoi.

Bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, wapimwe na kutibiwa kabla, hasa kwa baipasi, maana baadaye mfuko wa zamani hauonekani kwa kamera. Sikoseli ipimwe kwa yeyote mwenye historia ya ukoo. Inaongeza hatari ya damu kuganda, na tena inaharibu usomaji wa kipimo cha sukari ya miezi mitatu: namba inaonekana nzuri kumbe sukari iko juu.

Vipimo vingine ni wingi wa damu, akiba ya chuma, B12, figo, ini, moyo, na mawe ya nyongo. Anayekoroma na kukatika pumzi usingizini aseme mapema, maana hiyo ndiyo habari mtoa nusu kaputi anayoihitaji kuliko zote. Wiki mbili kabla ya upasuaji utakula kilokalori 800 hadi 1,200 kwa siku ili ini lipungue unene. Ini kubwa hufunika mfuko na kumlazimu daktari kupasua tumbo wazi.

Wapi, na kurudi lini

Puto huwekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam. Wengine huvuka kwenda Nairobi au Kampala, au kupanda ndege kwenda India. Popote uendapo, muulize daktari mambo manne na usubiri jibu lenye namba: amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi, wangapi walivuja, anafanya nini mvujo ukitokea, na nani Mwanza atapokea simu yake. Ya nne ndiyo wengi hawaiulizi.

Mshono wa sliivu ukivuja, mara nyingi huvuja mtu akiwa ameshatoka wodini, hata baada ya wiki. Anayepanda ndege siku ya nne anasafiri na hatari hiyo tumboni. Kaa karibu na hospitali siku 10 hadi 14. Basi la Dar hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 1,100 za kukaa, hugandisha damu kwenye miguu. Panda ndege, vaa soksi za kubana, na maliza sindano zote za kuzuia damu kuganda. Mtu wa visiwani afikie kwa ndugu Ilemela au Nyamagana hadi wiki ya tatu iishe. Usiku hakuna kivuko.

Katika siku hizo jipime mapigo ya moyo asubuhi na jioni. Yakizidi 120 kwa dakika ukiwa umetulia, nenda hospitali ya rufaa hata kama tumbo haliumi. Mapigo hutangulia homa. Maumivu ya bega la kushoto na pumzi fupi ni dalili za mvujo pia.

Kula na kumeza dawa

Siku mbili za maji na supu iliyochujwa, kisha maziwa na uji mwepesi usio na sukari hadi wiki ya pili. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichosagwa: sato wa kuchemsha aliyetolewa miiba na kupondwa na mchuzi wake, vijiko vitatu au vinne kwa mlo. Wiki ya tano na ya sita vyakula laini. Ugali, mkate na wali vingoje hadi baada ya hapo, na ugali ndio wa mwisho: hujikunja kuwa donge na kukwama, ukatapika povu. Nyama choma nayo hukwama kwa wanaotafuna haraka.

Lengo ni protini gramu 60 hadi 80 kwa siku. Yai lina 6, glasi ya maziwa 8, kipande cha sato cha ukubwa wa kiganja 20 hivi. Dagaa waliosagwa unga ni rahisi kuliko poda za madukani na wana kalisi. Maji lita 1.5 kwa siku, kidogokidogo, si pamoja na chakula. Subiri nusu saa. Kwa mwenye baipasi, soda au chai ya sukari nyingi huleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha.

Vitamini ni za maisha yote: multivitamini, kalisi miligramu 1,200 hadi 1,500 zilizogawanywa mara tatu, vitamini D, B12, na chuma, hasa kwa wanawake. Chuma na kalisi visikutane ndani ya saa mbili. Nywele zikipukutika mwezi wa tatu hadi wa sita ni kawaida. Mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na vidonge vya uzazi wa mpango si vya kutegemea baada ya baipasi. Weka kijiti au kitanzi.

Kutapika kwa siku kadhaa mfululizo kunamaliza vitamini B1, na dripu ya glukosi bila B1 inaweza kuharibu ubongo. Na kwa baipasi, mwaka mmoja au zaidi baadaye, maumivu ya kunyonga yanayokuja baada ya kula yanaweza kuwa utumbo umepenya kwenye upenyo wa ndani na kujinyonga. Asiyejua atakuandikia omeprazoli na kukurudisha nyumbani, nawe utumbo unakufa. Kwa hiyo andika kadi, ipige lamineti, ikae pochini pamoja na kadi ya bima:

Nimefanyiwa baipasi ya Y. Mguu wa chakula sm 120, mguu wa nyongo sm 70. (Nakili namba zako kutoka ripoti ya upasuaji.)
Nikitapika: sindano ya B1 kabla ya dripu ya glukosi.
Usinipe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini.
Usinipitishe mpira wa puani bila kuona unakokwenda.
Nikiwa mjamzito: usinipime sukari kwa kuninywesha glukosi.
Maumivu ya tumbo yasiyoeleweka: daktari wa upasuaji anione leo, hata kama CT ni safi.