Krambo ya blakiberi, kuanzia kwenye miiba mpaka mezani

Kama uko Uingereza na mwisho wa Agosti umefika, alafu ukakuta mama, baba na watoto wamesimama kichakani pembeni ya njia, mkononi kopo la aiskrimu lililoisha zamani na vidole vyote zambarau, usishangae. Wanachuma blakiberi, vile vitunda vidogo vyeusi vya kwenye miiba, na jioni kuna krambo, yaani matunda yaliyookwa chini ya makombo ya unga, siagi na sukari. Mimi mara ya kwanza nilidhani wamepoteza funguo, nikasimama nikawauliza kama wanataka msaada, wakanipa kopo.

Tangu siku hiyo ndo mchezo wangu wa kila mwaka, manake hauna gharama, watoto wanatoka kwenye simu, na unarudi na kitu cha kupika. Ntakwambia ninavyofanya mimi na pale nilipoharibu ili wewe usiharibu.

Kwanza kuchuma. Blakiberi huku zinaota zenyewe kila mahali, kwenye nyua za miti mashambani, kando ya mifereji, nyuma ya viwanja vya mpira, kwenye njia za miguu za umma. Kwa sheria ya wizi ya mwaka 1968, ile ya England na Wales, ukichuma matunda yaliyoota porini yenyewe sio mwizi, ilimradi huendi kuyauza. Ila hiyo haikupi ruhusa ya kuruka uzio wa mtu, bado ni kuingia kwenye ardhi ya watu, na sehemu zinazohifadhiwa zinaweza kuwa na masharti yake kwahiyo soma kibao kabla hujafungua kopo. Kaa kwenye njia tu, zipo za kutosha.

Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu hata kama kuna jua, ile miiba haina huruma, na karibu kila penye blakiberi pana yale majani yanayowasha kama upupu yamejificha chini. Beba fimbo yenye ndoano au hata mwavuli wa mpini uliopinda, ndo wa kuvutia matawi ya juu, manake nzuri zote ziko juu na wenzako waliotangulia walikuwa wafupi. Alafu usichume zilizo chini ya kiuno chako. Hii ni kanuni ya kila familia huku na sababu yake ni mbwa, sina haja ya kueleza zaidi. Za kando ya barabara yenye magari mengi pia achana nazo.

Utajuaje imeiva? Kwenye kishada kimoja utakuta za kijani, nyekundu na nyeusi zote pamoja. Ile ya ncha kabisa ndo huiva kwanza na mara nyingi ndo tamu kuliko zote. Shika taratibu uvute kidogo, iliyoiva inakuja yenyewe mkononi, ukiona unavutana nayo iache, haijafika. Na ile nyeusi inayong'aa sana macho yatakudanganya, iliyopoteza mng'ao kidogo ndo sukari yote imo.

Wazee wana hadithi kwamba baada ya tarehe 29 Septemba, sikukuu ya Malaika Mikaeli, usichume tena, eti shetani alipotupwa kutoka mbinguni akaangukia kwenye kichaka cha blakiberi, kwa hasira akazitemea mate. Wengine wanahesabu kwa kalenda ya zamani wanasema ni tarehe 10 Oktoba. Mama mkwe wangu hasali wala haendi kanisani lakini hapo huwezi kumbishia. Ukweli ni kwamba kufikia hapo mvua na baridi zimeingia, matunda yanakuwa majimaji, yanaota ukungu, kwahiyo shetani au sio shetani, msimu umeisha.

Ukifika nyumbani zimwage kwenye bakuli la maji baridi yenye chumvi kidogo kama dakika kumi. Utaona vifunza vidogo vyeupe vinaelea. Usipige kelele, watoto wakisikia hawali. Suuza, tandaza kwenye taulo zikauke. Zilizozidi zipange kwenye trei zisigusane, weka friza mpaka ziwe ngumu ndo uzitie kwenye mfuko, ukizirundika zikiwa mbichi utapata tofali moja la zambarau.

Sasa mapishi. Hii inatosha watu sita wa kawaida, au wanne wa kwetu.

Chini unahitaji tufaha za Bramley kama gramu 600, ni tatu kubwa hivi, blakiberi gramu 300, na sukari gramu 80 mpaka 100. Bramley ni lile tufaha kubwa la kijani, chachu mpaka unafumba jicho, halifai kutafuna hivi hivi lakini ukilipika linalainika linakuwa kama uji mzito, ndo linabeba blakiberi vizuri. Mti wake wa kwanza ulitokana na mbegu alizopanda binti mmoja, Mary Ann Brailsford, huko Southwell, Nottinghamshire mwaka 1809, lakini jina likaenda kwa bwana Bramley, mchinja nyama aliyekuja kuinunua ile nyumba baadae, yaani binti wa watu kapanda, sifa kachukua mwingine. Usinunue kabla hujazunguka mtaani. Mwezi wa tisa watu wenye miti hukosa pa kuyapeleka, wanaweka boksi nje ya geti na kikaratasi cha kukwambia jichukulie. Jichukulie.

Menya, katakata vipande vya ukubwa wa kuingia mdomoni, changanya na sukari na mdalasini kidogo kama unapenda, weka kwenye bakuli la oveni. Blakiberi zitupie juu mwishoni, usizikoroge zitapasuka.

Juu sasa ndo penyewe. Unga wa ngano wa kawaida gramu 200, siagi baridi kutoka kwenye friji gramu 100, sukari ya kahawia gramu 100, na oti gramu 50 kama unataka itafunike vizuri. Siagi iwe nusu ya unga, ukishika hiyo hata mizani ikifa utapika. Kata siagi vipande vidogo, tia kwenye unga, sugua kwa ncha za vidole tu, unanyanyua unaachia, unanyanyua unaachia, mpaka ifanane na makombo ya mkate yenye mabonge madogo madogo. Ndo uweke sukari na oti.

Na hapa ndo sisi tuliokulia kwenye chapati tunaangamia. Mkono ukishaona unga na mafuta unataka kukanda wenyewe! Mara ya kwanza nilikanda mpaka ikawa donge safi laini, nikajisifu kabisa, nikalisukuma nikalifunika juu ya matunda. Ilitoka kama kigae cha paa. Mama mkwe akala kimya, akapangusa mdomo, akasema ni tofauti kidogo. Mwingereza akikwambia chakula chako ni tofauti kidogo, jua hapo hamna kitu. Kwahiyo hapa hamna kukanda, hamna maji, hamna yai. Ukiona unaanza kushikana, weka bakuli friza dakika kumi, siagi igande, utarudi nayo.

Mwaga yale makombo juu ya matunda bila kukandamiza, yaache yalale yalivyoanguka. Oveni nyuzi 180, ile yenye feni weka 160, ya gesi namba 4. Dakika 40 mpaka 45. Usiamini saa peke yake, unatafuta juu pawe rangi ya dhahabu na pembeni mchuzi wa zambarau uwe unachemka unatoboa kutokea chini. Bila ule mchuzi haijaiva hata kama juu pamependeza. Ukitoa, iache dakika kumi na tano, najua ni ngumu lakini ule mchuzi unaunguza ulimi wiki nzima.

Watu wanapenda kusema krambo ilienea sana wakati wa vita kuu ya pili, chakula kilipokuwa kwa mgao, mgao ulioanza Januari 1940 ukaja kuisha kabisa Julai 1954. Ukifikiria ina maana, pai inataka unga na mafuta mengi, hii unanyunyizia tu.

Kastadi sasa, ule mchuzi mzito mtamu wa maziwa wa kumwagia juu. Ya unga wa kopo inatosha na usione aibu, wenyewe ndo wanayotumia. Alfred Bird aliibuni Birmingham mwaka 1837 kwa sababu mke wake mayai yalikuwa yanamdhuru. Vijiko viwili vikubwa vya unga wa kastadi, kimoja au viwili vya sukari, koroga na maziwa kidogo ya baridi mpaka mabonge yaishe. Maziwa mengine, jumla yawe painti moja ambayo ni mililita 568, pasha mpaka yakaribie kuchemka, mimina kwenye ule mchanganyiko huku unakoroga, rudisha vyote jikoni moto mdogo na usiondoke. Ukienda kujibu meseji itashika chini.

Mezani kutakuwa na ubishi wa kastadi au aiskrimu au krimu, kila familia ina kambi zake. Mimi niko kastadi, ya moto, nyingi mpaka krambo ionekane kama kisiwa.

Ikibaki inakaa friji siku tatu, ipashe kwenye oveni sio maikrowevu, manake maikrowevu inalowesha zile chenga zote ulizohangaikia. Japo kwangu haijawahi kufika siku ya tatu, kuna mtu huwa anashuka usiku na kijiko, na asubuhi mama mkwe ndo wa kwanza kuuliza nani kaila.