Kupima polariti ya CT kwenye transfoma iliyokwishafungwa

CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) ikiwa mezani, kupima polariti yake, yaani mwelekeo wa mkondo wake, hakuna shida: pitisha waya katikati, gusa betri, angalia mshale. Ikishafungwa ndani ya transfoma, waya huo ndio kondakta ya bushingi (kihami kinachopitisha umeme kuingia kwenye tangi), na nyuma yake kuna koili nzima ya transfoma. Hapo ndipo vijana ninaofanya nao kazi hapa Dodoma hukwama. Wanagusa betri, mshale unatikisika kidogo, wanasema CT ni mbovu. Si mbovu, koili ndiyo inayozuia mkondo usipande haraka.

Dawa yake ni kushoti upande wa pili. Tuseme ni transfoma ya kV 220/33, staa-delta: koili za 220 zinakutana kwenye nukta moja, nyutro, na za 33 zimefungwa pembetatu. Ukipima CT za upande wa 220, funga pamoja terminali zote tatu za 33 kwa waya mnene. Mshale utaruka mpaka ufurahi.

Hayo yote ni baada ya transfoma kuzimwa, kutengwa, kibali kuwa mkononi na jampa za bushingi (nyaya zinazoziunganisha na laini) kufunguliwa. Ethi ya muda (waya wa kwenda ardhini) iliyo kwenye bushingi unayopima huondolewa kwa idhini tu. Ikibaki, mkondo wa betri utakimbilia huko.

Kwenye boksi la CT, tenganisha kori (CT moja kati ya zilizomo) unayopima na nyaya za rilei (kifaa cha kulinda transfoma), nyingine zote zishoti. S1 na S2 ni ncha za sekondari ya CT: unganisha S1 kwenye chanya ya mita, S2 kwenye hasi. Mita iwe ya mshale, sifuri ikiwa katikati; ya dijitali inakuchezea namba tu. Anza na renji kubwa. Iweke kivulini, maana jua letu la saa saba hufanya kioo chake king'ae usione kitu.

Betri ya gari ya volti 12 inatosha. Chanya juu ya bushingi, hasi kwenye nyutro. Kama P1 (upande wa CT ambao mkondo huingilia) imeelekezwa juu, mshale uruke mbele unapogusa na urudi nyuma unapoachia. Soma ule mruko wa kwanza. Aliye juu aseme "nagusa" kabla hajagusa, na apaze sauti: kituoni kwetu Zuzu mchana upepo unameza maneno. Avae glavu, ashike waya kwenye plastiki, kwa sababu koili hurudisha msongo mkali wakati wa kuachia.

Kila kori ipimwe peke yake, pamoja na ile ya kipima joto cha koili, ambayo husahaulika sana.

Upande wa delta ndio wenye mtego. Hauna nyutro, kwa hiyo unaweka chanya kwenye fezi A na hasi kwenye B, huku upande wa staa ukishotiwa wote na nyutro yake. Mkondo unaingia kwa A na kutoka kwa B. Mshale wa A utaenda mbele, wa B nyuma, na zote mbili ziko sawa! Usibadilishe nyaya za B. Ukizigeuza, rilei ya difrensho (inayolinganisha mkondo wa pande mbili za transfoma) inaweza kutulia mzigo ukiwa mdogo, kisha jioni watu wakirudi makwao na mzigo kupanda inaizima transfoma nzima.

Betri huacha usumaku kwenye kori, kwa hiyo mimi hupima polariti kwanza, halafu napandisha volti za AC kwenye sekondari hadi karibu na goti la kori (pale usumaku unapoanza kujaa) na kuzishusha polepole mpaka sifuri. Baada ya hapo ndipo napima uwiano wa CT.