Miti ya mbao ndani ya shamba la mazao: hesabu kabla ya mashimo

Miti ya mbao hulipa shambani, lakini faida yake ni ya kweli pale tu mkulima anapoihesabu pamoja na zao litakalopungua kivulini na miaka atakayosubiri.

Hatua ya 1: Panga nafasi. Mistari ikiachana mita 10, na mche na mche mita 3, hekta moja hubeba miti 333 hivi, na katikati pakabaki nafasi ya kulima.

Hatua ya 2: Rudisha fedha za baadaye kwenye thamani ya leo. Fedha 100 utakazopokea baada ya miaka 20, kwa riba ya asilimia 10, leo ni sawa na 15 tu. Kwa asilimia 5, ni 38. Ndiyo maana gharama za mwanzo huelemea hesabu nzima, na ndiyo maana zao la katikati ya mistari lina thamani kubwa: palizi yake ni palizi ya mche pia. Huko Burma (sasa Myanmar), misaji, yaani mitiki, ilipandwa pamoja na mazao kwa mpango huo tangu miaka ya 1850.

Hatua ya 3: Pogoa mapema. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, nami nasisitiza. Kata tawi shina likiwa bado jembamba, ili kifundo, yaani alama ya tawi kwenye mbao, kibaki ndani kabisa ya gogo. Anza kwa kulikata kidogo upande wa chini, kisha umalizie juu, lisije likachana gome. Miti dhaifu iondoe ili iliyobaki inenepe, kwani gogo lenye kipenyo cha sentimita 30 lina ujazo mara nne ya lile la sentimita 15 lenye urefu uleule.

Maswali ya wanachama

Swali: Mahindi yaliyo karibu na miti yamedumaa. Niing'oe?

Jibu: Ndugu, pima hekta nzima kwanza. Shamba likitoa asilimia 80 ya mavuno ya zao pekee na asilimia 50 ya mbao za shamba la miti pekee, ungehitaji hekta 1.3 kupata vyote hivyo kwa kuvitenganisha. Kisha vigeuze kuwa fedha, maana ardhi iliyookolewa si lazima iwe faida.

Swali: Nivune lini?

Jibu: Linganisha ongezeko la thamani ya mti kwa mwaka na riba. Likiwa asilimia 12 na riba ni 10, subiri. Likishuka hadi 6, kata. Martin Faustmann, mtaalamu wa misitu wa Ujerumani, alionyesha mwaka 1849 kwamba ardhi inayokaliwa na mti nayo ina gharama, kwa hiyo wakati wa kukata hufika mapema kidogo kuliko ulinganisho huo unavyoonyesha.