Kuzima moto unaokula ardhi chini kwa chini

Bonde letu karibu na Kabale, Uganda, lilikuwa mafunjo matupu kabla ya kuchimbwa mifereji na kupandwa viazi. Udongo wake ni mboji nyeusi, nyepesi, bado ina nyuzi za mimea iliyokaa majini bila kuoza. Ikikauka, inashika moto kama mkaa.

Usitafute mwali. Tafuta uzi wa moshi alfajiri, na majani yaliyonyauka bila sababu. Pima kila hatua kwa fimbo ndefu: jirani yangu alitumbukia hadi goti akaungua, maana chini palibaki majivu tu. Wala usiinamie shimo. Moshi ule una sumu.

Kumwaga ndoo mbili juu ni kazi bure. Chimba mtaro kuzunguka eneo lote mpaka ufikie tope lenye maji. Kisha mwaga maji huku mwenzako akikoroga kwa jembe hadi iwe uji. Rudi kesho, na wiki ijayo pia. Moto huu hujificha.

Halafu ziba ile mifereji ya shamba kwa magunia ya udongo, kabla ya kiangazi cha Juni, ili mboji isikauke tena. Hapo ndipo naomba sana mnisikilize. Mboji huongezeka kama milimita moja kwa mwaka; nusu mita ikiungua, kaboni iliyokusanywa na mimea kwa miaka 500 imepaa angani, ikaongeza joto la dunia. Indonesia mwaka 1997, moto wa namna hii ulitoa kaboni inayokadiriwa kuwa asilimia 13 hadi 40 ya ile iliyotoka kwenye makaa, mafuta na gesi ya dunia nzima mwaka huo.