Somo: Kuunda udi kwa mkono, na kwa nini uso unahitaji subira kuliko tumbo

Assalaam alaykum ndugu zangu mafundi. Anayetaka kuunda udi, ile ala ya muziki ya nyuzi, huuliza kwanza mbao ya tumbo, yaani bakuli la nyuma: mninga au mkangazi, ipi ina sauti nzuri? Zote mbili zinafaa sana. Lakini sauti ya udi inakaa usoni, kwenye ile mbao nyembamba ya mbele, na kwetu pwani adui wa uso ni unyevu. Kwa hiyo nitapita haraka pale ambapo seremala yeyote anajimudu, nikae zaidi kwenye uso.

VIPIMO

Tunafuata udi wa Kiarabu, wenye urefu wa uzi wa sm 61 kutoka kichwani hadi kwenye daraja, kile kipande cha usoni kinachoshika nyuzi. Wa Kituruki ni mfupi zaidi, sm 58.5. Shingo inachukua thuluthi ya urefu huo, yaani sm 20 na ushei. Uso uwe na urefu wa sm 49 na upana wa sm 36, tumbo liwe na kina cha sm 18. Ukipata nafasi ya kushika udi mkongwe uliotunzwa vizuri, upime wote kwa rula na uandike. Kazi za ukoo wa Nahat wa Damascus na za Manol wa Istanbul zinaigwa na mafundi hadi leo, na anayeunda wa kwanza hana sababu ya kubuni umbo lake.

KALIBU NA MBAVU

Kalibu, yaani umbo la kujengea tumbo juu yake, itengenezwe kwa plaiwudi: uti mmoja wa katikati, kisha vipande vya nusu duara vinavyopungua kuelekea shingoni na mkiani. Kabari ya shingo, kile kipande cha ndani ambacho shingo itaungwa nacho, ifungwe kwa skrubu mahali pake kabla ya ubavu wa kwanza.

Idadi ya mbavu, zile mbao nyembamba zinazounda tumbo, iwe witiri, ili mmoja ukae katikati kabisa ya mgongo. Anayeanza achukue 17. Hesabu yake ni hii: nusu duara ya upana wa sm 36 ina mzunguko wa sm 56.5, gawa kwa 17, kila ubavu unapata sm 3.3 pale palipo papana zaidi. Kata mbao za upana wa sm 4, urefu wa sm 70, unene wa mm 3. Baada ya msasa zitabaki mm 2 hadi 2.5.

Kukunja kunafanyika juu ya bomba la chuma lililopashwa moto kwa mkaa. Lowesha mbao kidogo, usiiloweke kutwa. Tone la maji likiruka juu ya bomba, joto limefika. Bonyeza mbao taratibu huku ukiisogeza. Ukisikia mlio mdogo wa nyuzi kukatika, acha, lowesha tena, kisha rudi. Mninga unakunjika kwa utii. Mpingo una ubishi, uache kwa kazi nyingine.

Kingo za ubavu huchongwa juu ya randa iliyopinduliwa na kubanwa kwenye meza: unasukuma mbao, randa imetulia. Shika mbavu mbili pamoja mbele ya dirisha. Mwanga ukipenya, rudia. Gundi (tunatumia ya ngozi ya mnyama) haizibi uzembe wa randa. Kila kiungo kikikauka, bandika kwa ndani ukanda wa karatasi ngumu wa upana wa sm 1.5 kutoka ncha hadi ncha.

USO

Hapa tupunguze mwendo.

Mbao ya uso ni sprusi, mti wa nchi za baridi, vipande viwili vilivyopasuliwa kutoka ubao mmoja na kufunguliwa kama kitabu. Tazama ncha ya ubao: mistari ya miaka isimame wima. Ikilala, usiichukue hata kama ni ya bure. Unganisha vipande katikati, kisha punguza kwa randa hadi mm 1.8 au karibu na hapo. Usitegemee kipimo peke yake. Shika ubao kwa vidole viwili karibu na kona, ugote kwa kifundo cha kidole. Ubao mnene hutoa mlio mfupi, mgumu. Endelea kupunguza kidogo kidogo, ukigota tena na tena, mpaka mlio ushuke na uendelee kudumu baada ya kugota. Hapo simama.

Sasa vipau vya ndani, ambavyo ni saba: sprusi pia, upana mm 6, kimo mm 15 katikati na kupungua kuelekea ncha. Vinakatiza uso kutoka upande hadi upande. Kipau kisikae chini ya daraja. Cha karibu kabisa kiwe sm 2 au 3 mbele yake, upande wa tundu la sauti.

Mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, kwa urefu haibadiliki sana. Kipau kimelala kukatiza upana huo, kwa hiyo uso unataka kutembea na kipau kinauzuia. Ukibandika mwezi wa Mei, masika imeshika, kisha udi ukapelekwa Dodoma au kwenye chumba chenye kiyoyozi, uso utasinyaa huku vipau vimeung'ang'ania, na utapasuka. Ukibandika mbao zikiwa kavu, masika uso utavimba kidogo kwenda juu na nyuzi zitainuka, lakini kiangazi utarudi. Uvimbe unavumilika, ufa hauvumiliki.

Nunua kipima unyevu wa hewa. Lengo ni asilimia 45 hadi 50, na pwani hutaipata kwa kufungua madirisha. Tumia kabati dogo lenye balbu ya zamani ya wati 40 chini, mbali na mbao. Weka uso na vipau humo siku mbili tatu, toa, bandika vyote siku hiyohiyo, rudisha ndani. Na siku ya kufunga uso juu ya tumbo, fanya vilevile.

SHINGO, DARAJA NA VIGINGI

Shingo iwe ya mkangazi kwa sababu ni mwepesi, juu yake ubao wa mpingo wa mm 3. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, vaa barakoa. Nyuzi 11 zikikazwa zinavuta pamoja kilo 35 hadi 40, kwa hiyo kiungo cha shingo na kabari kiwe cha mkia wa njiwa, kisiwe cha kugusana tu.

Daraja liwe jepesi: mninga, au mbao nyingine isiyo nzito. Wengi huweka mpingo kwa uzuri wake na udi unanyamaza. Vigingi vya kukazia nyuzi ndivyo vya mpingo, na unene wake upungue mm 1 kwa kila mm 30 za urefu, sawasawa na tundu lake.

Tumbo lipigwe polishi ya shelaki kwa kitambaa. Uso uache mtupu, au mpako mmoja mwembamba sana.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Niko Iringa, misonobari ya Sao Hill imejaa huku. Naweza kuitumia usoni?

Marahaba mwanangu. Misonobari ile hukua haraka, mistari yake imeachana, na kwa uzito uleule haina ugumu wa sprusi. Itumie kujifunzia kukata, kuunganisha na kubandika vipau. Kwa udi wa kudumu, ulizia piano mbovu: ubao wake wa sauti mara nyingi ni sprusi iliyokauka miaka mingi.

Nina mbao za mtiki. Tumbo litafaa?

Litafaa, ila mbao hiyo inakula makali ya randa. Ina mafuta yanayokataza gundi, kwa hiyo futa kingo kwa spiriti dakika chache kabla ya kubandika.

Kaka, kwa nini usitumie gundi nyeupe ya mbao? Ya ngozi inanuka.

Gundi nyeupe huteleza polepole ikivutwa muda mrefu, hasa kwenye joto letu, na daraja linavutwa usiku na mchana. Ya ngozi ikikauka inakuwa ngumu, na siku ya matengenezo unaifungua kwa maji ya moto na kisu chembamba. Iloweke kwenye maji baridi usiku kucha, ipashe ndani ya sufuria ya maji kwa nyuzi joto 60. Ikichemka imeharibika. Kalibu gundisha kwa nyeupe, haina neno.

Mwalimu, vigingi vyangu vingine vinateleza, vingine vinakwama.

Kinachoteleza kipake chaki, kinachokwama kipake sabuni kavu ya mche. Kikiendelea, umbo la kigingi na tundu havilingani: paka chaki, zungusha, toa, tazama kilipong'aa, ondoa hapo kwa msasa laini.

Na gambusi? Babu alikuwa nalo.

Hilo ni somo lake peke yake. Tumbo na shingo huchongwa kutoka gogo moja, uso ni ngozi ya mbuzi. Hakuna kalibu wala kukunja, ila patasi na muda. Kama la babu bado lipo, usilipake chochote, usikaze nyuzi. Lipime na kulipiga picha pande zote kwanza, hasa unene wa ukingo ngozi inaposhikia.