Somo: Pima asidi na besi kwa manjano

Biriani ikidondokea kanzu nyeupe, ukaipaka sabuni, doa la njano hugeuka jekundu papo hapo. Nguo haikuharibika. Kurkumini, rangi iliyomo kwenye manjano, hubadilika hivyo ikikutana na besi. Wanafunzi wengi hukariri kwamba asidi ni chachu na besi huteleza vidoleni, wakaingia mtihanini hawajaona lolote kwa macho yao. Ndiyo maana natamani kila mmoja ajaribu hili nyumbani.

1. Tafuta manjano ya unga, ya Marikiti au ya duka la mtaani. Tia nusu kijiko kwenye vijiko vinne vya spiriti ya duka la dawa, koroga, acha itue. Kaa mbali na jiko; spiriti hushika moto upesi.

2. Chovya vipande vya karatasi nyeupe isiyong'aa, uvianike kivulini. Jua hufifisha rangi.

3. Kimoja kidondoshee maji ya sabuni ya kufulia, kingine maji ya magadi, cha tatu chokaa ya tambuu iliyozimuliwa. Wekundu wa chokaa ndio utakaokolea, kwani ni kalsiamu haidroksaidi, besi kali. Isikuingie machoni.

4. Kamulia ndimu palipogeuka pekundu. Njano inarudi! Hapa usiharakishe, ndipo lilipo somo lenyewe: asidi ya sitriki imeipoza besi, zikazaa chumvi na maji. Ukiukamulia ndimu unga wa magadi, utatoa povu, maana magadi yana kabonati, na kabonati ikikutana na asidi hutoa kaboni dayoksaidi.

Maswali (kila moja na mtaa wa Mombasa lilikotoka)

Likoni: Mwalimu, siki na maji ya mfereji zote zimeacha karatasi njano. Kwani siki si asidi?

Ni asidi, mwanangu. Manjano hutambua besi tu. Tumia litimasi ya buluu, karatasi ya kupimia asidi; siki itaigeuza nyekundu. Huna? Tia magadi kidogo: siki itafura povu, maji yatatulia.

Kisauni: Na maji ya betri ya gari?

Usiyaguse. Ni asidi ya salfuriki, hula ngozi na nguo. Hata maabara, asidi humiminwa kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Joto lake laweza kuirusha usoni.

Changamwe: Asidi kali na asidi iliyokolea ni mamoja?

La, na swali hili huwaangusha wengi. Ukali ni kiasi gani cha asidi hutengana majini na kutoa ioni za haidrojeni, yaani chembe zake zenye chaji. Ukolezi ni wingi wa asidi ndani ya maji. Asidi ya haidrokloriki ukiizimua kwa maji bado ni kali. Asidi ya siki ukiikoleza bado ni dhaifu.