Herufi sita za SHINDA: jinsi ya kurefusha maneno

Jumamosi jioni watoto wa mtaa wetu hapa Kirumba hukusanyika barazani kwangu. Nakata boksi la sabuni, naandika herufi sita kubwa: S, H, I, N, D, A. Herufi waweza kuirudia utakavyo, ila ya saba usiingize. Mwenye neno refu kuliko wote ndiye bingwa.

Hatua ya 1. Chomoa yaliyo wazi: dini, hadi, sahani, idadi, hadhi. Usikae hapo sana.

Hatua ya 2. Tafuta kitenzi. Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo wengi hupapita wakihangaika na majina. Jina halivutiki, refu nililopata kwa herufi hizi ni dhahania, herufi nane tu. Kitenzi hunyambulika: shinda, shindana, shindania, shindanisha. Tumefika 11 na hakuna herufi ngeni iliyoingia.

Hatua ya 3. Mkia ukishavutika, geukia kichwa. Ni, a, na, si, ha: vyote vimo. Shindanisha inakuwa anashindanisha, herufi 14.

Nilidhani ndiyo mwisho. Juzi binti mmoja wa darasa la tano, aliyekuwa kimya muda wote, aliinamia kipande chake akaandika: sahihi. Akatulia. Sahihisha. Sahihishia. Kisha akarudi mwanzo wa neno akabandika kichwa: ananisahihishia. Kumi na tano! Nikamwomba sentensi, akasema, “Mwalimu ananisahihishia insha.” Hata hiyo insha imo katika herufi zile zile. Nilimkumbatia.

Hatua ya 4. Kila neno litungiwe sentensi. Likishindikana, lifutwe.

Maswali ya wanachama

– Mwangaluka mwalimu. Mbona “anashinda” silioni kwenye kamusi?
– Mwangaluka. Kamusi huweka shinda. Viambishi anavipachika msemaji. Kwetu linahesabiwa neno moja kwa sababu huandikwa pamoja. Wengine hucheza kwa maneno ya kamusi tu, kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuanza.

– Sh ni herufi moja au mbili?
– Sauti moja, herufi mbili. Dh vilevile.

– Dada, mimi nilichukua herufi za SOMA, nikakwama mapema.
– Ulikosa E, kaka. Mzizi wenye e au o hudai -ea na -esha: somea, somesha. Wenye a, i au u huchukua -ia na -isha, kama pikia na pikisha. Kabla ya kukata boksi, hakikisha irabu hiyo imo, na N kwa ajili ya -ana ukiweza.

– Nimeongeza E na H. Nimepata ameshamsomeshea. Nayo ni 15!
– Nimehesabu mara mbili, ni kweli. Sentensi?
– Mjomba ameshamsomeshea mama watoto wawili.
– Imepita.